Treni Mbili, Vipande Vitatu

Nakuomba tuiname pamoja tutazame chini ya meza. Juu ya meza hiyo pana reli ndogo iliyofungwa duara, pana stesheni ya mbao nyembamba, na pana treni mbili za umeme, kila moja na kichwa chake na mabehewa yake. Ya mbele inafika stesheni na kusimama. Ya nyuma inakuja, nayo inasimama mbali na mwenzake. Ya mbele inaondoka, na baada ya muda ya nyuma inasogea kuchukua nafasi iliyoachwa. Hakuna mkono wa mtu kwenye swichi. Mwenye meza yuko jikoni anakunywa chai.

Watu wakiona hivyo husifu kilicho juu: rangi za mabehewa, taa, na madirisha yaliyochongwa kwa ustadi. Mimi nataka tusifu kilicho chini, yaani zile nyaya zinazofanya treni mbili zizunguke njia moja bila kugongana. Nina neno moja la kusema leo, na nalisema mapema ili tulibebe pamoja hadi mwisho: usalama wa treni hizo mbili hautokani na werevu wa mashine. Unatokana na sheria mbili. Ya kwanza, lazima daima pawepo kipande cha njia kilicho kitupu. Ya pili, chochote kikiharibika, treni isimame. Sheria hizo hazikubuniwa na watengenezaji wa vitu vya kuchezea. Zimelipiwa kwa roho za watu kwenye reli kubwa, na anayefunga nyaya chini ya meza anazipata bila kulipa chochote.

Tuanze na tatizo lenyewe. Chukua vichwa viwili vya treni vilivyotoka kiwanda kimoja. Vipe umeme uleule, kwenye reli ileile. Havitakwenda mwendo mmoja. Kimoja mota yake ni nyepesi kidogo. Kingine gia zake zina grisi nzito. Kimoja kinavuta mabehewa manne, kingine mawili. Tofauti ya sentimita moja katika kila mzunguko jicho halitaiona, lakini baada ya mizunguko mia moja imekuwa mita nzima. Kwa hiyo treni mbili ukiziachia njia moja bila mpango, swali si kama zitagongana. Swali ni lini.

Na huwezi kuziamuru moja moja, kwa sababu ya jinsi treni hizi zinavyopata umeme. Katika mfumo wa kawaida wa reli mbili, umeme hautoki ndani ya treni, unatoka relini. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi, na kati yake kuna hadi volti 12 za DC, umeme wa aina ya betri. Magurudumu ya chuma yanauchukua na kuufikisha kwenye mota. Ukiongeza volti, treni inakimbia. Ukipunguza, inajikokota. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi ilikotoka. Maana yake ni kwamba anayeitawala reli ndiye anayeitawala treni, na treni mbili zilizo kwenye reli moja zinasikia amri moja. Huwezi kuiambia moja simama na nyingine nenda, isipokuwa uikate hiyo reli.

Mchezo huu una umri. Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen, Ujerumani, ilileta kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu, vipande vya kuunganisha na kuongeza mwaka hadi mwaka. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni zake mwaka 1920. Leo kipimo kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani ni kile kiitwacho H0, ambamo kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Reli yetu ya zamani ya upana wa mita moja, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma au ya Mombasa hadi Kampala, ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu hivi. Wapenzi wa reli za upana wa mita huko Ulaya hutumia reli ya milimita 12. Kwa hiyo anayetaka kuijenga reli ya kati juu ya meza yake, njia ipo.

Sasa tuondoke mezani kwa muda, twende Ireland, mji wa Armagh, tarehe 12 Juni 1889.

Siku hizo reli nyingi za huko ziliendeshwa kwa saa. Treni ikiondoka stesheni, mhusika anatazama saa yake. Zikipita dakika zilizowekwa, anairuhusu ya pili. Hakuna aliyejua ya kwanza imefika wapi. Ilidhaniwa tu kwamba itakuwa imekwenda mbali. Si kwamba njia bora haikujulikana. Mwaka 1842 Mwingereza William Fothergill Cooke alikuwa amekwisha kuandika kwamba njia igawanywe vipande, na telegrafu itumike kuuliza kabla ya kila safari: je, kipande kinachofuata ni kitupu? Makampuni mengi yalisita, maana mitambo ilikuwa na gharama.

Asubuhi hiyo, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili iliondoka Armagh kwenda pwani ya Warrenpoint, imejaa watoto na wazazi wao. Ilipofika kwenye mwinuko, kichwa kikashindwa. Wafanyakazi wakaamua kuigawanya: kichwa kivute mabehewa ya mbele kwanza, kisha kirudi kuchukua ya nyuma. Breki za treni ile zilikuwa za aina inayouma pale tu dereva anapoziamuru kupitia bomba linalopita katika mabehewa yote. Bomba lilipofunguliwa katikati, mabehewa ya nyuma yalibaki mlimani yakishikiliwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Sehemu ya mbele ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa yale, yakaruka mawe na kuanza kuteremka. Huko chini, treni ya pili ilikuwa inapanda. Ilikuwa imeruhusiwa kwa sababu dakika zake zilikuwa zimetimia.

Walikufa watu wapatao 80, watoto wengi miongoni mwao. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria: treni za abiria zitenganishwe kwa vipande vya njia na si kwa dakika za saa, pointi za kubadilishia njia na ishara zifungamanishwe, na breki ziwe za kujiendesha, yaani bomba likikatika au likifunguliwa, breki ziume zenyewe bila kusubiri amri ya mtu.

Angalia, msikilizaji, jinsi ajali moja ilivyobeba mafunzo mawili. Saa haijui njia iko tupu au ina watu. Kipande ndicho kinachojua. Na breki inayohitaji kuamriwa ndipo iume itakuacha siku ile ambayo amri haiwezi kufika. Mafunzo hayo mawili ndiyo tunayokwenda kuyafunga kwa waya.

Turudi mezani. Tuukate mzunguko wetu vipande vitatu: A, B na C. Treni zinakwenda A, B, C, kisha A tena, upande mmoja daima. Reli ya ndani tunaiacha nzima kuzunguka meza yote, iwe njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Reli ya nje ndiyo tunayoikata. Mahali A kinapokutana na B, ondoa kiungo cha chuma kinachoshika reli mbili, uweke cha plastiki. Fanya hivyo kati ya B na C, na kati ya C na A. Sasa kila kipande kina waya wake wa kukilisha.

Kisha, mwishoni mwa kila kipande, kabla tu ya mpaka, ikate tena reli ya nje ili upate kijipande kifupi. Urefu wake uzidi ule wa kichwa cha treni pamoja na umbali ambao kichwa huteleza baada ya umeme kukatika. Hapo ndipo pa kusimamia. Kijipande hiki hakilishwi moja kwa moja. Kinapata umeme kupitia rilei.

Rilei mafundi wa magari wanaifahamu, maana ndiyo inayowasha taa kubwa na honi. Ni koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Ukiipa umeme inakuwa sumaku na kuvuta ulimi mdogo. Ulimi ukivutwa unafunga njia ya umeme mwingine. Ukiinyima umeme, springi inaurudisha ulimi na njia inakatika. Kila kipande chetu kina rilei yake, na amri ni moja: kipande kikiwa kitupu, rilei yake ivute, kikiwa na treni, iachie.

Sasa unganisha hivi. Pa kusimamia pa A palishwe kupitia rilei ya B. Pa kusimamia pa B, kupitia rilei ya C. Pa kusimamia pa C, kupitia rilei ya A. Basi. Treni iliyoko A ikifika mwisho wa kipande chake, inakuta jibu tayari limo relini. Kama B ni kitupu, umeme upo, nayo inapita bila hata kutikisika. Kama B kina mwenzake, reli chini ya magurudumu yake imekufa, nayo inasimama. Mwenzake akiondoka B, rilei ya B inavuta, umeme unarudi, na safari inaendelea. Hakuna aliyefikiri wala kuamua, ila reli yenyewe imejibu swali la Cooke.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Reli inakubali, kisha inaongeza sharti lake: na mazizi mawili hayawatoshi. Kwa nini vipande vitatu na si viwili, wakati treni ni mbili? Jaribu mwenyewe akilini. Treni ya kwanza iko A, ya pili iko B, na hakuna kipande kingine. Ya kwanza inasubiri B kiwe kitupu. Ya pili inasubiri A kiwe kitupu. Zitasubiriana hadi umeme wa meza uzimwe. Hakuna kilichoharibika, kila rilei inafanya kazi yake sawasawa, na hakuna kinachosogea. Ongeza kipande cha tatu, na sasa daima kuna mahali pa mmoja kwenda. Akishakwenda, ameacha nafasi kwa mwenzake. Idadi ya vipande lazima ipite idadi ya treni, walau kwa kimoja. Kile kitupu, ambacho mgeni angedhani ni njia iliyopotea bure, ndicho kinachoziendesha zote mbili.

Na urefu wa treni nao una neno. Treni iwe fupi kuliko kipande chake. Ikiwa ndefu, kichwa kitasimama mwisho wa C huku behewa la mwisho bado limo B. Basi treni moja imeshika vipande viwili, mwenzake ameshika cha tatu, na tumerudi kwenye kusubiriana. Wengi hununua mabehewa mazuri kabla ya kupima meza. Pima kwanza.

Sasa, rilei inajuaje kwamba kipande kina treni? Hapa ndipo fundi anapotofautiana na mnunuzi. Mkondo unaokwenda kwenye kipande tunaupitisha kwanza kwenye daiodi mbili zilizofuatana. Mkondo ukipita kwenye daiodi ya silikoni, volti kama 0.7 hubaki juu yake. Kwa daiodi mbili ni 1.4. Volti hizo zinatosha kufungua transista ndogo. Mota ikila umeme ndani ya kipande, daiodi zinapata volti, transista inafunguka. Hiyo inainyima umeme transista ya pili, ile iliyokuwa inaishikilia rilei, na rilei inaachia. Kipande kikiwa kitupu hakuna kinachokula umeme, na rilei inabaki imevuta. Wazo la kuitambua treni kwa mkondo inaoula lilienezwa sana na Mmarekani Linn Westcott, ambaye mwaka 1958 aliwapa wapenzi wa treni ndogo sakiti aliyoiita Twin-T.

Lakini kuna mitego miwili, na yote miwili imewaliza watu.

Wa kwanza: mabehewa hayali umeme. Kichwa kikishavuka mpaka na kuingia B, mabehewa yaliyobaki A hayaonekani, na rilei ya A itasema kitupu ilhali mkia wa treni bado upo. Dawa yake ni kuweka rizista ndogo kwenye ekseli ya behewa la mwisho, iunganishe gurudumu la kulia na la kushoto. Rizista ya kilo-ohm 10 inakula kama miliampea moja tu, lakini kitambuzi, yaani zile daiodi na transista, kikitengenezwa vizuri kinaiona. Treni itambuliwe kuanzia kichwani hadi mkiani.

Wa pili ni mbaya zaidi. Treni iliyosimama pale pa kusimamia imekatiwa umeme. Iliyokatiwa umeme haili mkondo, na isiyokula mkondo haionekani. Yaani treni inayongoja kwa utii inatoweka machoni pa mitambo, na ile ya nyuma inapewa ruhusa ya kuja kuigonga. Dawa: weka rizista ya kilo-ohm moja hivi ipite kando ya ulimi wa rilei, na umeme wa kijipande utoke baada ya daiodi za kipande hichohicho. Rilei ikiachia, kinachopita kwenye rizista ni kama miliampea 10. Mota haizunguki kwa kiasi hicho, lakini kitambuzi kinajua pana mtu hapa. Rizista hiyo ni ya bei ya chini kuliko kitu kingine chochote mezani, na bila yake kazi yote iliyobaki ni bure.

Hapa niseme jambo ambalo fundi mwaminifu lazima alikubali. Kitambuzi hiki cha mkondo kina udhaifu. Waya wa kulisha kipande ukikatika wakati treni imo, treni itasimama, ndiyo, lakini haitaonekana. Reli kubwa hazikubali udhaifu huo. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipewa hataza ya mpango ulio kinyume. Betri inawekwa mwanzo wa kipande, rilei mwisho wake, na mkondo unapita relini muda wote kuishikilia rilei. Treni ikiingia, ekseli zake za chuma zinaunganisha reli mbili, mkondo unakatiza hapo, rilei inaachia, na ishara inakuwa nyekundu. Lakini pia betri ikifa, waya ukikatika au reli ikivunjika, rilei inaachia vilevile, na ishara inakuwa nyekundu. Kijani kinahitaji kila kitu kiwe kizima. Nyekundu haihitaji chochote. Mpango huo bado unalinda treni katika nchi nyingi hadi leo.

Sisi wa mezani tunafuata roho ya Robinson kadiri tuwezavyo. Ndiyo maana nimesema rilei ivute kipande kikiwa kitupu, na si kinyume chake. Wapo wanaoipanga rilei ivute treni ikiingia, kwa kuwa ni rahisi zaidi na inaokoa transista moja kwa kila kipande. Itafanya kazi. Itafanya kazi hadi siku waya wa rilei utakapochomoka, na siku hiyo kipande chenye treni kitatangazwa kitupu. Na kabla ya kuanza kuendesha, chukua rizista ya kilo-ohm moja, uiweke juu ya reli mbili katika kila kipande kwa zamu, usikilize rilei ikiachia. Ni ukaguzi mfupi, na unaupunguza ule udhaifu niliousema.

Njia ya pili ya kuendesha treni mbili inatufaa zaidi sisi tuliozoea reli ya njia moja. Aliyepanda treni ya abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma au Mwanza anajua kukaa stesheni ndogo, watu wananunua mihogo na matunda madirishani, treni haisogei, mpaka ile inayotoka upande wa pili ifike ipishe. Njia ni moja, na stesheni ndipo mahali pa kupishana.

Mezani inafungwa hivi: mzunguko mmoja wenye stesheni ya njia mbili. Treni ya kwanza inazunguka wakati ya pili imepumzika. Ya kwanza ikiingia kwenye njia yake, sumaku iliyobandikwa chini ya kichwa inapita juu ya swichi ndogo ya kioo iliyofichwa kati ya reli. Swichi inafunga kwa kitambo kidogo, na hiyo inatosha kugeuza rilei ya aina inayoshikilia ilipoachwa. Rilei inakata umeme wa njia ya kwanza, inalisha njia ya pili, na kugeuza pointi. Ya pili inaondoka, inazunguka, inarudi, sumaku yake inaligeuza jambo zima tena. Ruhusa ni moja, na mwenye nayo ndiye anayekwenda.

Nalo hili lina kaburi lake. Tarehe 10 Septemba 1874, karibu na Norwich, Uingereza, treni mbili zilikutana uso kwa uso huko Thorpe kwenye njia moja, kwa sababu ya ujumbe wa telegrafu uliotumwa kabla ya kuidhinishwa. Walikufa watu 25. Baadaye, mwaka 1878, mhandisi Edward Tyer alileta mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, moja kila stesheni, zenye vibao vya chuma. Dereva haingii njia moja bila kibao mkononi. Kibao kimoja kikishatolewa upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga hadi kirudishwe. Ujumbe unaweza kukosewa. Kibao hakiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili.

Wengine mtaniuliza: kwa nini tuhangaike na rilei wakati kuna kompyuta? Swali zuri, na historia yenyewe inalijibu. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha klabu ya treni ndogo. Chini ya meza yao walifunga rilei za mitambo ya simu, nyingi mno, ili treni kadhaa ziendeshwe na watu kadhaa bila kuingiliana. Vijana walioshughulikia nyaya hizo ni miongoni mwa wa kwanza kukesha kwenye kompyuta za chuo hicho mwishoni mwa miaka ya 1950. Steve Russell, aliyeongoza utengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Spacewar mwaka 1962, alitoka katika klabu hiyo. Rilei inayosema "kama B ni kitupu, basi pita" ni sentensi ya programu iliyoandikwa kwa shaba.

Leo kuna mfumo wa DCC, ulioanzia Ujerumani kwa kampuni ya Lenz na kufanywa kiwango cha pamoja na chama cha wapenzi wa treni ndogo wa Marekani katika miaka ya 1990. Reli zote zina umeme wakati wote, na amri zinasafiri ndani ya umeme huohuo. Kila kichwa kina namba yake na kinasikiliza amri yake pekee. Kuna pia Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambayo inaweza kuchukua kazi ya rilei zetu zote tatu. Huko Hamburg, ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 maonyesho ya Miniatur Wunderland, ambako treni zaidi ya 1,000 zinaongozwa na kompyuta. Lakini ukitazama chini ya meza za Hamburg utakuta reli imegawanywa vipande, na kila kipande kinaulizwa: una mtu? Kompyuta imeongeza idadi ya treni. Haijaifuta sheria ya kipande kitupu.

Ninalisema hili kwa moyo wote kwa sababu nchi zetu zinajenga reli. Treni za umeme za reli ya kisasa, SGR, zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Nyuma ya kila treni inayopita kuna mafundi wa ishara, na mafundi hao lazima watoke mahali fulani. Wanaweza kutoka kwa vijana wetu wa vyuo vya ufundi, wale ambao leo wanafundishwa umeme wa nyumba na wa magari. Kijana akishafunga mwenyewe vipande vitatu, akaona treni mbili zikisubiriana milele kwa sababu alikata viwili, ameelewa kwa mikono jambo ambalo kitabu kingemweleza kwa kurasa nyingi.

Na hahitaji kusubiri treni kutoka Ulaya. Achukue ubao, rilei tatu za volti 12, daiodi, transista, rizista, betri ya pikipiki yenye fyuzi, na taa ndogo. Swichi iwe badala ya treni: akiiwasha, kipande kina mtu. Taa iwe badala ya pa kusimamia: ikiwaka, ruhusa ipo. Vitu hivyo vipo kwa mafundi redio wa mjini. Mantiki yote ya treni mbili itafanya kazi hapo ubaoni, na siku treni zitakapopatikana, nyaya zitakuwa zimekwisha kuthibitishwa.

Utaratibu wa kazi ni huu. Endesha treni moja kwanza mpaka uiamini reli: isafishwe, viungo vishike, isiruke mahali popote. Kisha kata vipande na ufunge kitambuzi kimoja, ukipime. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Tumia waya wa rangi moja kwa kazi moja, na uandike kila waya unakotoka na unakokwenda, maana atakayeutafuta mwakani ni wewe mwenyewe au mwanao. Treni ya pili iwe kitu cha mwisho kuwekwa mezani.

Zikishazunguka zote mbili, na watu wakashangilia, bado kazi haijaisha. Pitisha mkono chini ya meza, uchomoe waya wa koili ya rilei moja, yoyote, kwa makusudi. Kisha inuka utazame. Treni ikifika pale pa kusimamia panapolishwa na rilei hiyo na kupita, rudi chini ukafunge upya. Ikisimama, kazi yako imekamilika.